Uwazi wa plura: nafasi inayozunguka mapafu na maradhi yake

Plura ni utando mwembamba wenye matabaka mawili. La ndani limeshikamana na pafu. La nje limetanda upande wa ndani wa mbavu na juu ya kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Katikati yake ndipo penye uwazi wa plura, ambao kwa mtu mwenye afya huwa na mililita chache tu za majimaji ya kulainisha. Shinikizo lake ni dogo kuliko la hewa ya nje, na hilo ndilo linaloliweka pafu likiwa limetanuka. Uwazi wa kulia hauungani na wa kushoto, hivyo pafu moja likisinyaa jingine huendelea na kazi.

Mishipa ya kuhisi maumivu iko kwenye tabaka la nje. Likivimba, mgonjwa hupata kichomi akivuta pumzi au akikohoa, na wakati mwingine maumivu huhamia begani. Maji yakiongezeka kwenye uwazi huo, matabaka huachana na kichomi hupungua, huku pumzi zikizidi kubana. Wengi hudhani wamepona.

Watu husema "maji kwenye mapafu", ingawa maji haya hukaa nje ya pafu na kulibana. Moyo ukishindwa kusukuma damu sawasawa, mara nyingi maji hujaa pande zote mbili. Yakiwa upande mmoja, hasa kwa kijana mwenye homa na jasho la usiku, Afrika Mashariki hushukiwa kwanza kifua kikuu. Maji ya kifua kikuu huwa na bakteria wachache sana, kwa hiyo kipimo cha darubini kikitoka hasi hakijafuta ugonjwa.

Eksirei ya kusimama huhitaji kama mililita 200 ndipo ionyeshe pembe ya chini ya pafu imezibwa. Ultrasaundi huona hata kidogo zaidi ya hapo. Sindano ya kuvuta maji hupitishwa juu ya ukingo wa juu wa ubavu, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu imepita chini ya kila ubavu. Kwa kawaida hayavutwi zaidi ya lita moja na nusu kwa mara moja: pafu likitanuka ghafla linaweza lenyewe kujaa maji. Protini ya maji hayo ikizidi nusu ya protini ya damu, hiyo ni dalili ya plura kuvimba, maambukizi au saratani. Ukitoka usaha, antibiotiki peke yake hazitoshi. Lazima uwekwe mpira wa kuutoa.

Hewa nayo huingia kwenye uwazi wa plura, kwa jeraha la kisu au pafu kutoboka lenyewe, mara nyingi kwa vijana warefu wembamba na wavutaji sigara. Hatari kubwa ni hewa inayoingia bila kutoka: husukuma moyo upande wa pili na presha huanguka. Hapo eksirei haisubiriwi. Kifua hutobolewa papo hapo.

Mpira wa kifua huishia kwenye chupa, ncha yake ikiwa sentimita 2 hivi ndani ya maji. Maji yakipanda na kushuka kwa pumzi, mpira haujaziba; mapovu ni hewa ingali ikivuja. Chupa hukaa chini ya usawa wa kifua muda wote, la sivyo maji hurudi ndani. Na mpira unaotoa mapovu haubanwi hata mgonjwa akipelekwa eksirei, kwani hewa iliyokosa njia hurundikana upya.