Miungu ukutani kwa tajiri mpya

Aliyebisha hodi katika Nyumba ya Vettii, huko Pompeii, mji wa Kirumi wa kale nchini Italia, alilakiwa na picha ya Priapus, mungu wa uzazi: uume wake mkubwa umelazwa kwenye mizani, upande wa pili mfuko wa fedha. Ukivuka hapo, ukumbini yaliwekwa makasha mawili ya kuwekea fedha, wazi kabisa machoni pa wageni.

Mihuri iliyofukuliwa humo inataja Aulus Vettius Conviva na Aulus Vettius Restitutus. Wengi wetu tunaoichunguza Roma ya kale tunaamini walikuwa watumwa walioachwa huru, wakatajirika. Mtu wa namna hiyo sheria za Roma zilimzuia kushika uongozi wa mji. Conviva alifika kwenye kundi la Augustales, waliohudumia ibada ya kaisari, na kwake hapo ndipo ngazi ilipoishia.

Michoro mingi ni ya baada ya tetemeko la mwaka 62 baada ya Kristo, kabla volkano ya Vesuvius haijaufukia mji mwaka 79. Katika chumba kimoja Ixion, mfalme wa visasili vya Kiyunani, amefungwa kwenye gurudumu. Huyu alikaribishwa mezani na Zeus, mkuu wa miungu, naye akamtamani mke wa mwenyeji wake! Kama watu walikuwa wakila chumbani humo, na mimi naona walikuwa wakila, basi picha hiyo iliwapa la kuzungumza, na kuwaonya kidogo. Asiyeijua hadithi alijiumbua mwenyewe. Elimu ya Kiyunani ilikuwa alama ya waungwana, na akina Vettii waliitundika ukutani. Wanaowacheka kwa kujishaua wanasahau kwamba nyumba za wakubwa wa kuzaliwa nazo zilijaa visasili hivyohivyo.

Kinachonivutia zaidi ni utepe mwembamba wa picha katika chumba kikubwa kinachotazama bustani. Vitoto vyenye mabawa, wafuasi wa Venus, mungu wa kike wa mapenzi, vinapika manukato, vinafua dhahabu kama masonara, vinasafisha nguo, vinauza divai. Ni kazi zilezile zilizofanywa na watumwa mjini, ila hapa hakuna jasho wala harufu ya mkojo uliotumiwa na madobi wa Kirumi. Mwenye nyumba aliyewahi kuwa mtumwa aliitazama kazi ikiwa imegeuzwa mchezo.

Mafundi wenyewe hatuwajui majina. Kuhusu ujira wa kazi kama yao tunapata fununu katika amri ya bei ya kaisari Diocletian, ingawa ni ya mwaka 301, zaidi ya karne mbili baadaye: inampa mchoraji wa ukutani dinari 75 kwa siku, na mchora sura za watu 150, mbali na chakula.