Vyakula vya kijijini: tunayoyaamini na ukweli wenyewe

Kila Desemba watu wakianza kurudi kijijini zinaanza picha za matobolwa yale ya viazi vitamu vilivyokaushwa, mlenda, makande kwenye sufuria nyeusi, na maneno chini yake ni yaleyale, eti hicho ndo chakula cha asili, wazee walikuwa hawaugui, sisi tumeharibiwa na chipsi. Halafu kuna upande wa pili, wale ambao mgeni akija wanaficha mlenda wanakimbilia buchani maana mlenda ni aibu. Mi nimekulia Usukuma na vyakula hivi navipenda mpaka leo, na kinachoniuma ni kwamba pande zote mbili zinasahau kazi. Chakula cha kijijini kilikuwa kazi ya mikono ya bibi na mama zetu, kuloweka, kuvundika, kuanika, kutwanga, kuchambua, na ukiiondoa hiyo kazi ukabaki na jina la chakula tu, hicho sio tena kile walichokula wao. Ngoja niyataje yale ninayoyasikia sana.

"Ugali wa mahindi ndo chakula chetu tangu enzi na enzi"

Hapana. Mahindi yametoka bara la Amerika, yaliingia huku pwani baada ya Wareno kufika na bara yalichukua muda mrefu sana mpaka yakatawala, sehemu nyingi ni karne ya 19 na ya 20 ndo yakasukuma vingine pembeni. Muhogo nao ni wa huko, viazi vitamu, karanga, nyanya, hata maharage, kwa hiyo yale makande ya mahindi na maharage tunayoyaita ya asili, vyote viwili ni wageni waliozeekea hapa. Nafaka zilizoanza kulimwa Afrika ni mtama, ulezi na uwele, na kunde nazo ni za hapahapa.

Sisemi mahindi sio yetu, yamekaa vya kutosha. Ila watu wanajiuliza kwa nini wazee waliuacha mtama wakati unavumilia ukame kuliko mahindi, wanadhani ni ujinga au kuiga wazungu. Mtu aliyewahi kuamia ndege shambani anajua jibu. Mtama umekaa wazi juu ya bua, kweleakwelea wakishuka kundi zima shamba linakwisha, kwa hiyo watoto wanashinda shambani kutwa nzima wanapiga kelele na kurusha mawe. Hindi limevaa maganda yake. Shule zilipoanza na watoto wakatakiwa darasani, nani abaki na mtama?

"Zamani hakukuwa na njaa, watu walishiba"

Hii inanikera kabisa maana inawafuta watu waliokufa. Waulizeni Wagogo kuhusu Mtunya, njaa ya mwisho wa vita ya kwanza ya dunia mpaka kama 1920, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalichukua chakula, yakachukua ng'ombe, yakachukua na wanaume wa kubeba mizigo, halafu mvua ikagoma. Kuna ukame wa 1973 hadi 1975, kuna miaka ya mwanzo ya themanini ambapo watu walipanga foleni wapate unga wa njano ule walioubatiza yanga. Kenya nao wana 1984 yao.

Na ukitaka ushahidi wa mezani angalia michembe na matobolwa. Hivi sio vitafunio, ni akiba ya ile miezi ambayo ghala limeisha na shamba bado bichi. Michembe ni viazi vitamu vibichi vilivyokatwa vikaanikwa. Matobolwa yanachemshwa kwanza, yanamenywa yangali na moto mpaka vidole vinaungua, yanakatwa vipande, yanaanikwa juu ya miamba ile mikubwa iliyojaa Usukuma ambako jua linapiga juu na mwamba nao unatoa joto chini, siku kadhaa, na kila jioni unayaanua mbuzi wasiyafikie na umande usiyalowanishe. Yakikauka vizuri yanagongana kama changarawe kwenye ungo. Unatafuna hivyohivyo ukiwa machungani, au unayachemsha na karanga zilizotwangwa, na hayo ya karanga bana mi sijapata kitu kinachoyazidi. Lakini yalibuniwa na watu walioijua njaa kwa karibu.

"Muhogo ni muhogo tu, unamenya unapika"

Hapa naomba watu wasome taratibu. Kuna muhogo mtamu ambao unachemsha unakula, na kuna muhogo mchungu, na huo mchungu una kemikali ambayo mwilini inageuka kuwa sainaidi, ile sumu yenyewe. Ukame ukizidi sumu nayo inaongezeka. Wazee walilima mchungu makusudi kwa sababu nguruwe pori na panya hawaupendi na wezi hawaugusi, ila walijua namna ya kuutoa makali, wengine wanaloweka siku tatu au zaidi mpaka ulainike, wengine huku kanda ya ziwa wanaumenya wanaufunika na majani uvunde mpaka uote ukungu, wanaukwangua, wanauanika ukauke kabisa ndo yanapatikana makopa ya kusaga. Mtu wa mjini akiona ule ukungu anasema uchafu, kumbe kuvunda ndo kunakotoa sumu.

Sasa fikiria njaa imebana na mama ana watoto wanalia, zile siku za kuloweka na kuanika zinapunguzwa. Mwaka 1985 huko Tarime ndo kilitokea hicho, ukame, watu wakala muhogo mchungu ambao haujaandaliwa sawasawa, mboga hakuna, samaki hakuna, na protini ndo inayousaidia mwili kuiondoa hiyo sumu, na watu wakapooza miguu ghafla, wengi wakiwa wanawake na watoto. Ugonjwa unaitwa konzo na miguu ikishapooza hairudi. Na usidhani ni mambo ya kale, Septemba 2017 wilaya ya Kasese kule Uganda watu waliokula ugali wa muhogo, wa kwanza wakiwa msibani, waliugua, wagonjwa wakafika 98 na wawili wakafa, ni unga wa muhogo ambao haukutolewa sumu.

Kisamvu nacho vilevile. Kile kinu hakikuwa cha kulainisha tu, majani yakipondwa ndo sumu inapata njia ya kutoka, halafu unachemsha muda mrefu chungu kikiwa wazi. Siku hizi watu wanakatakata kwa kisu kama mchicha wanatokosa dakika kumi wanaweka nazi. Jamani, hapana.

"Cha shambani kwako hakina sumu, sumu iko supamaketi"

Sumukuvu haijali shamba ni la nani. Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri, haionekani, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 huko Ukambani Kenya waliugua watu 317 wakafa 125. Hapa kwetu 2016, Dodoma na Manyara, waliugua 68 wakafa 20. Yalikuwa mahindi ya nyumbani, ya kulima wenyewe na kuhifadhi wenyewe.

Wanaoshabikia dona wajue na hili. Dona lina nyuzinyuzi, lina vitamini B na madini kuliko sembe, hilo ni kweli na mi nalila. Ila sumukuvu ikiwepo inakaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa kunapunguza, na ile stori kwamba wazee walikula dona tu na sembe imeletwa na mashine sio kweli kila mahali. Sehemu nyingi bibi walikuwa wanatwanga mahindi kwenye kinu, wanapeta pumba, wanaloweka, wanaanika, wanatwanga tena mpaka unga uwe mweupe pee. Kama unataka dona, anza na mahindi yaliyokauka, chambua yaliyooza na yenye ukungu, na yale uliyoyatoa usiyapeleke kwenye pombe.

"Mboga za porini ni za maskini"

Mlenda, mgagani, mnavu, majani ya kunde, majani ya maboga. Zina madini ya chuma, zina vitamini A, nyingi zinaizidi kabichi kwa mbali sana, na hili limepimwa maabara miaka mingi. Kenya walikuwa wanazidharau hivyohivyo, leo managu na saga, yaani mnavu na mgagani, zinauzwa supamaketi Nairobi, na mmoja wa waliozipigania ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo cha JKUAT ambaye amezitafiti kwa miongo. Mtu anapita barabarani anakanyaga mgagani anaenda kununua kabichi!

Ila hata hapa kazi inahesabika. Vitamini A ya majani inahitaji mafuta ndo iingie mwilini, na bibi hakusoma mahali ila mboga yake ilikuwa na karanga au ufuta au siagi ya maziwa. Zile nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, ukianika kwenye jua kali vitamini nyingi inapotea, anika kivulini penye upepo. Na magadi wekeni kidogo kabisa, yanalainisha haraka ni kweli, lakini yanaua vitamini C na vitamini B1, na ni chumvi nyingine hiyo kwa mwenye presha.

"Uji mzito wenye vitu kumi ndo unamjenga mtoto"

Ulezi una sifa zake za haki, gramu 100 za ulezi mkavu zina kalsiamu kama miligramu 340 wakati mahindi hayafiki hata 20. Lakini sasa hivi kuna mashindano ya uji wa lishe, mtu anachanganya ngano, mchele, soya, karanga, dagaa, mbegu za maboga, vyote gunia moja anasaga. Soya ikiwa haijaiva inasumbua tumbo, karanga zikikaa kwenye unga zinachacha na zikiwa na sumukuvu umemlisha mtoto kila asubuhi. Nafaka moja au mbili zinatosha, karanga ziponde siku hiyohiyo uweke kwenye uji.

Kuhusu uzito, tumbo la mtoto ni dogo, uji mzito unamshinda, ukiongeza maji anashiba maji. Hapo ndo kilipoingia kimea. Unaotesha ulezi, unaukausha, unausaga, na kijiko kimoja cha huo unga kwenye uji mzito wa moto kiasi kinaufanya utiririke baada ya dakika chache bila kuongeza maji, chakula ni kilekile ila sasa kinamezeka. Wanawake waliotengeneza togwa walilijua hili zamani sana. Taasisi ya Chakula na Lishe ililichukua ikalifundisha vijijini miaka ya themanini, na sijui kwa nini leo limesahaulika kiasi hiki. Kimea cha mtama nacho kinafaa ila miche yake ina ile sumu ya muhogo, pukutisha miche na mizizi yote kabla ya kusaga. Cha ulezi hakina shida hiyo.

"Familia nzima ilikaa sinia moja ikala pamoja"

Labda kwenu. Kwetu baba, babu na wavulana waliokua walikula nje shikome, pale penye moto karibu na zizi, na hapo ndo ukoo ulikofundishwa, nani ni nani, ng'ombe wa nani alitoka wapi. Mama na shangazi na sisi wadogo tulikuwa jikoni. Chungu kikiepuliwa mboga ya shikome inatoka kwanza, na vipande vizuri vinaenda nayo. Sisi watoto tulikuwa tunakulaga bakuli moja, na sheria ilikuwa nyama haiguswi mpaka ugali uishe, halafu mkubwa wetu anagawa, na anayegawa anachukua wa mwisho. Hiyo sheria ya mwisho naipenda sana, imenifunza haki kuliko darasa lolote.

Lakini tusiipake rangi. Mama alikuwa wa mwisho kujipakulia na mara nyingi alikuwa anafuta mchuzi uliobaki. Kuku akichinjwa firigisi ni ya baba, hakuna mjadala. Mayai mjamzito haruhusiwi, anaambiwa mtoto atazaliwa hana nywele, na mtoto mdogo anaambiwa akila yai atakuwa mwizi. Kule Bukoba wanawake ndo walikuwa wanakamata senene, wanachambua mabawa na miguu usiku kucha, na desturi ya zamani ikawakataza kuonja. Kwa hiyo aliyefanya kazi yote ya chakula ndo aliyekatazwa kilicho bora, tena wakati ana mimba au ananyonyesha.

Yai halimnyonyoi mtoto nywele. Lina protini na lina mafuta, ndo kitu mjamzito anachokihitaji, na kliniki wanasema hivyo kila siku ila akirudi nyumbani kuna mama mkwe. Kama mkeo au mdogo wako ni mjamzito na anaenda kukaa kijijini msimu huu, ongea na wakubwa wa pale mapema na kwa heshima, usimwachie yeye abishane peke yake jikoni.