Utando mgumu ndani ya kope la mtoto, msiubandue

Wazazi wa huku kwetu Mtwara na Lindi, leo naongelea ugonjwa wa macho wa kurithi (kitaalamu ligneous conjunctivitis) ambao ni adimu sana, inakadiriwa mtu 1 au 2 tu kwenye kila milioni, lakini mtoto akiupata tukachelewa anaweza kupoteza kuona kabisa.

Jicho linaanza kuwa jekundu na kutoa machozi, bibi anasema hiyo ni salfa ya mikorosho, anakamuliwa maziwa ya mama jichoni (naomba sana hili tuache), dukani wanapewa dawa ya matone, wiki zinapita hakuna nafuu. Tukiligeuza kope la juu ndo tunaukuta utando mweupe wenye unjano, ukiugusa na pamba ni mgumu kama gome, na ukivutwa unatoka damu.

Yaani iko hivi, mwili ukiumia unatengeneza nyuzinyuzi za kuziba kidonda, kisha kuna protini ya kwenye damu inaitwa plasminojeni ndo inakuja kuziyeyusha. Huyu mtoto hana ya kutosha, basi nyuzi zinarundikana mpaka zinakuwa gamba. Karithi kwa baba na mama wote wawili japo wao ni wazima, kwahiyo msimnyooshee mama kidole, na kila mimba uwezekano wa mtoto kuupata ni 1 kati ya 4.

Ndo maana kukata peke yake hakusaidii, unatoa leo baada ya muda mfupi umerudi na pengine mnene kuliko mwanzo. Kinachosaidia ni matone yanayotengenezwa hospitali kutokana na plazma, yale maji ya damu yenye hiyo protini, mara nyingi pamoja na ya heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na ya kutuliza uvimbe, na kama ni lazima kukata basi matone yaanze hapohapo, tena kila baada ya saa moja au mbili mchana kutwa. Marekani mwaka 2021 waliidhinisha plasminojeni yenyewe ya kuchoma kwenye mshipa.

Mwambieni daktari pia kama mtoto anakoroma akipumua, fizi zimevimba au kichwa kinakua haraka, maana utando huu hauishii machoni. Na matone ya plazma yanakaa kwenye ubaridi, kama nyumbani hamna friji semeni mapema tupange, na chupa ya huyu asiwekewe mtoto mwingine hata kama naye jicho ni jekundu.