Kwa nini machimbo ya saruji hayapeleki kiwandani jiwe bora peke yake?

Ukitazama machimbo ya chokaa, tuseme ya Wazo Hill jijini Dar es Salaam au ya Bamburi kaskazini mwa Mombasa, unaona jiwe jeupe kila upande. Ni rahisi kudhani kazi yote ni kulipua, kupakia na kupeleka. Lakini mhandisi mwandamizi wa mipango ya machimbo hulitoa jiwe bora, yaani lenye kalsiamu kaboneti nyingi, kwa kipimo, tena kwa ubahili.

Sababu iko kwenye tanuri. Tanuri la saruji huchoma unga ghafi, yaani mawe yaliyochanganywa na kusagwa, kwa joto la takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi ili ipatikane klinka, vinundu vigumu ambavyo baadaye husagwa kuwa saruji. Unga huo unahitaji kalsiamu kaboneti ya karibu asilimia 76 hadi 80; sehemu kubwa ya kinachobaki ni silika, alumina na chuma. Ukichoma jiwe lenye asilimia 92 peke yake, silika haitoshi kuishika chokaa yote. Chokaa inayosalia hukaa huru ndani ya klinka, na baadaye hunywa maji, huvimba na kupasua zege lililokwisha kukauka.

Chukua machimbo ya mfano: ngazi za juu zina jiwe la asilimia 92, za chini zina jiwe lenye udongo, asilimia 74, na rundo la kulisha kinu linatakiwa liwe na 80. Hesabu inatoa lori moja la jiwe bora kwa malori mawili ya jiwe hafifu. Kwa hiyo tani milioni 10 za jiwe bora zinazipa thamani tani milioni 20 za hafifu, na machimbo yana malighafi ya tani milioni 30. Zile milioni 10 zikiliwa kwanza, kwa kuchanganywa na udongo ulioletwa kutoka nje, milioni 20 zilizobaki zinageuka kifusi mpaka kiwanda kinunue jiwe bora kwingine. Kosa hili la mipango hufupisha sana umri wa machimbo, na linaweza kuanzia kwenye bonasi inayolipwa kwa tani peke yake: jiwe bora likiwa karibu na krasha, kila dereva atalikimbilia.

Asilimia ya kalsiamu si kipimo pekee. Jiwe hupoteza hewa ya kaboni tanurini, na tani moja ya klinka hula takriban tani 1.55 za unga ghafi, hivyo magnesia (oksidi ya magnesiamu) ya asilimia 3 kwenye unga huwa karibu 4.6 kwenye klinka. Ikipita 5, saruji iko hatarini kuvimba miaka kadhaa baada ya jengo kukamilika. Pwani kuna pia chumvi: kloridi hugeuka mvuke kwa joto, hupanda na hewa ya moto, kisha huganda kwenye mabomba ya kupashia unga na kuyaziba. Ndiyo maana jiwe la matumbawe lililo karibu na maji ya chumvi hupimwa kloridi kabla ya kuingizwa kwenye mpango.

Kinachovuruga mipango zaidi ni mifuko ya udongo mwekundu iliyojificha kwenye mashimo ya mwamba. Visima vya utafiti vilivyoachana mita 50 vinaweza kuupita mfuko wa upana wa mita 15 bila kuugusa. Dawa yake ni kuchukua sampuli ya vumbi katika kila tundu la baruti, na kuigawa kwa kina, si kukusanya konzi moja juu ya tundu. Majibu ya maabara yarudi kabla ya kulipua. Baada ya mlipuko, udongo umeshachanganyika na jiwe na hautengani kirahisi.

Rundo lenyewe hupangwa kwa tabaka nyembamba kwa urefu, kisha hukwanguliwa kwa upana kama mkate unavyokatwa, kila kipande kikipata kidogo cha kila tabaka. Rundo hulainisha tofauti za saa na za siku. Likijazwa jiwe hafifu wiki nzima, litatoa uhafifu uleule.

Masika huleta kosa jingine, la mizani. Tani 2,000 za jiwe bora zenye unyevu wa asilimia 3 ni tani kavu 1,940; tani 4,000 za jiwe lenye udongo na unyevu wa asilimia 10 ni kavu 3,600. Rundo linafika 80.3 badala ya 80, na tanuri linaihisi tofauti hiyo. Uwiano wa malori uhesabiwe kwa tani kavu, na unyevu upimwe upya kila mvua kubwa inaponyesha.