Gavana wa kaunti: mamlaka yake yanaanzia wapi, na yanaishia wapi?

Kenya ina magavana wa aina mbili. Yupo Gavana wa Benki Kuu, kama alivyo wa Tanzania, ambaye kazi yake ni sarafu na mabenki. Halafu kuna gavana wa kaunti, mkuu wa mojawapo ya serikali 47 zilizoletwa na Katiba ya 2010. Huyu wa pili ndiye tunayemzungumzia.

Gavana wa kaunti huchaguliwa na wananchi, yeye na naibu wake kwa kura moja, kwa miaka mitano, na mwisho ni vipindi viwili. Wa kwanza walichaguliwa Machi 4, 2013. Hapo ndipo anapoachana na mkuu wa mkoa wa Tanzania, ambaye huteuliwa na Rais. Kwa Kenya, anayekaribiana na mkuu wa mkoa ni kamishna wa kaunti. Yeye na machifu walio chini yake ni watumishi wa serikali kuu na hawaripoti kwa gavana. Wengi huwachanganya gavana na kamishna, na mkanganyiko huo una gharama, kwa sababu mwananchi hubisha mlango usiokuwa na jibu.

Mfuate mama mboga wa soko la Kongowea, Mombasa. Asubuhi anatoa ushuru wa soko: hizo ni pesa za kaunti. Takataka zilizorundikana nyuma ya meza yake, kaunti ndiyo ya kuzizoa. Akiporwa njiani, anakwenda polisi, na polisi hawapokei amri kwa gavana. Kijana wake akitaka kitambulisho, ataanzia kwa chifu. Mtoto wa chekechea anafundishwa na mwalimu wa kaunti. Dada yake wa darasa la nne anafundishwa na mwalimu wa serikali kuu, hata kama madarasa yao yako uwanja mmoja. Mama akimpeleka mtoto mchanga zahanati, muuguzi anayeshika sindano ni wa kaunti, lakini chanjo iliyo ndani ya sindano imenunuliwa na serikali kuu. Kwa hiyo chanjo zikiisha, kabla ya kumlaumu gavana ni haki kuuliza kwanza: zilikwama njiani ndani ya kaunti, au hazikutoka Nairobi?

Pesa nazo zina safari yake. Katiba inataka kaunti zote kwa jumla zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Mwaka wa fedha 2021/22 zilitengewa shilingi bilioni 370. Bunge la Taifa na Seneti, yaani bunge linalowakilisha kaunti, hukubaliana kiasi hicho, kisha kila kaunti hupata fungu lake kwa kanuni inayopitishwa na Seneti. Hata hapo gavana hawezi kuchota tu. Bajeti lazima ipite kwa wawakilishi wadi katika bunge la kaunti, na kila pesa zinapotolewa lazima Msimamizi wa Bajeti aidhinishe. Mgao ukichelewa Hazina Kuu, mishahara ya wauguzi huchelewa, na wanaogoma huandamana hadi ofisi ya gavana.

Mwakilishi wadi ndiye mtu ninayeona tumempuuza mno. Yeye ndiye huwapiga msasa, yaani huwahoji na kuwaidhinisha, wale tunaowaita mawaziri wa kaunti kabla gavana hajawaapisha, hupitisha bajeti, na ndiye anayeweza kuanzisha hoja ya kumng'oa gavana. Hoja ikiungwa mkono na thuluthi mbili ya wawakilishi, inakwenda Seneti, ambako mashtaka husikizwa na maseneta hupiga kura. Ferdinand Waititu wa Kiambu aliondoka hivyo Januari 2020, na Kawira Mwangaza wa Meru alipigiwa kura ya kuondolewa Agosti 2024, baada ya kunusurika Seneti mara mbili.

Gavana akiondoka, naibu wake anachukua kiti mpaka kipindi kiishe, bila uchaguzi mpya. Nairobi ilionyesha kinachotokea naibu asipokuwepo. Polycarp Igathe alijiuzulu unaibu mwanzoni mwa 2018, na kiti hicho kikakaa wazi. Gavana Mike Sonko alipong'olewa Desemba 2020, hapakuwa na wa kumrithi, ikabidi Spika wa bunge la kaunti akaimu. Katiba inasema katika hali hiyo uchaguzi ufanyike ndani ya siku 60. Tarehe ikapangwa, mahakama ikausimamisha. Ann Kananu, ambaye Sonko alikuwa amempendekeza kuwa naibu, akapigwa msasa na kuapishwa kuwa naibu gavana Januari 2021, na Novemba mwaka huo akawa gavana wa jiji kuu bila mpiga kura wa Nairobi kuweka alama kwenye jina lake.