Maadui Asilia wa Wadudu Waharibifu Katika Majira ya Baridi

Wakulima wengi wa matofaa na mapea katika nchi za baridi huiona miezi ambayo miti imepukutisha majani kuwa kipindi cha mapumziko. Mimi, kama mtaalamu wa wadudu, naona kwamba huu ndio wakati ambao kila mdudu mharibifu anayeliwa huleta faida kubwa zaidi, kwa kuwa hazaliwi mwingine wa kuziba pengo lake hadi miti ichipue.

Kiwavi wa nondo wa matofaa, Cydia pomonella, hupitisha baridi akiwa ndani ya kifuko cha hariri chini ya magome yaliyobambuka, mahali ambapo hawezi kumkimbia adui. Vigong'ota na ndege wadogo wala wadudu hukagua shina ufa baada ya ufa, na uchunguzi uliofanywa Kanada na Uingereza umeonyesha kwamba wanaweza kuangamiza zaidi ya nusu ya viwavi hao. Ni kweli kwamba ndege hawabagui, na buibui nao huliwa. Hata hivyo, kwa maoni yangu, faida bado huizidi hasara hiyo.

Kazi ya buibui wenyewe haijulikani sana. Baadhi yao, hasa wa jenasi za Philodromus na Anyphaena, huendelea kuwinda hata halijoto ikiwa nyuzi chache tu juu ya sifuri, na katika mashamba ya mapea huwala Cacopsylla pyri, mdudu mfyonza utomvu ambaye hupitisha baridi akiwa mpevu. Utitiri mwindaji, Typhlodromus pyri, yeye hujificha tu kwenye nyufa, lakini idadi ya majike watakaosalimika huamua kwa kiasi kikubwa jinsi utitiri wekundu watakavyodhibitiwa mayai yao yakishaanguliwa.

Kwa sababu hiyo sipendekezi kukwangua magome ya shamba zima, kwa kuwa ukwanguaji huo humwondoa kiwavi pamoja na mlaji wake. Mafuta ya kupulizia wakati wa baridi, ambayo huua mayai ya vidukari na ya utitiri kwa kuyanyima hewa, yatumike pale tu ukaguzi wa vijiti unapoonyesha mayai mengi. Mkulima anayefunga mikanda ya maboksi shinani ili kunasa viwavi aikague kabla ya kuichoma, kwa maana buibui nao hupenda kujihifadhi humo, na ni rahisi kuwakung'utia chini ya mti.