Hita Haina Kosa: Dhana Potofu Kuhusu Ubovu na Matunzo ya Jakuzi la Nyumbani

Fundi anayeitwa kutengeneza jakuzi, yaani beseni la kuogea lenye maji ya moto yanayorushwa kwa pampu, mara nyingi humkuta mwenye nyumba amekwisha kutoa hukumu kwamba hita imekufa. Maji yamepoa, kazi ya kupasha maji ni ya hita, basi lawama inaiangukia hita. Dhana hii inaeleweka, lakini huwafanya watu wanunue kifaa kipya na kukifunga kwenye jakuzi ambalo tatizo lake la awali bado halijaguswa.

Ukweli ni kwamba hita ya jakuzi hairuhusiwi kuwaka mpaka mfumo uwe na hakika kuwa maji yanapita ndani yake kwa wingi wa kutosha. Ikiwaka huku maji yamesimama, inaweza kuungua kwa muda mfupi, na ndiyo maana watengenezaji huweka swichi inayohisi mtiririko au mgandamizo wa maji, au sensa mbili za joto ambazo vipimo vyake hulinganishwa kila wakati. Mtiririko ukipungua, hita huzimwa na kioo huonyesha msimbo wa hitilafu, aghalabu herufi FLO au FL, ingawa misimbo hutofautiana na kijitabu cha mashine yenyewe ndicho cha kuaminiwa. Hita ya namna hiyo imezimwa ili ipone, na anayeing'oa anaadhibu kifaa kisicho na kosa.

Jaribio la kwanza halihitaji fundi. Tazama kama kimo cha maji kimefika mahali panapotakiwa, kisha zima umeme, toa chujio, washa tena na uliendeshe jakuzi kwa dakika chache bila chujio. Msimbo ukitoweka, chujio limeziba na hakuna zaidi ya hapo. Usipotoweka, hakikisha kwamba vali zote zimefunguliwa, halafu jiulize kama maji yalibadilishwa hivi karibuni, kwa sababu hewa iliyonaswa ndani ya mabomba huifanya pampu ilie bila kusukuma chochote. Hewa hiyo hutolewa kwa kuzima umeme na kulegeza kidogo kiungo kilicho karibu na pampu mpaka isikike ikitoka na maji yaanze kudondoka, kisha kiungo hukazwa tena. Wakati ujao, ingiza mpira wa maji kwenye nafasi ya chujio unapojaza, ili maji yatangulie mabombani na kuisukuma hewa nje.

Wapo pia wanaoamini kwamba hita inayochelewa ni mbovu, na hapa hesabu ndogo inatosha. Kupandisha joto la lita 1,500 za maji kwa digrii 1 ya Selsiasi kunahitaji takriban kilowati-saa 1.75, kwa hiyo hita ya kilowati 3 huchukua kama dakika 35 kwa kila digrii, bila kuhesabu joto linalopotea. Kutoka digrii 20 hadi 38 ni zaidi ya saa 10. Ikichukua muda mrefu kupita huo, kagua kifuniko kwanza. Sehemu kubwa ya joto hupotea juu, hasa kwa mvuke, na kifuniko kilichonyonya maji hadi kikawa kizito kukiinua kimekwisha kupoteza uwezo wake wa kuhifadhi joto. Funga pia vidhibiti vya hewa, kwa kuwa mapovu mazuri yanayopendeza mwilini ni hewa ya nje inayoingizwa ndani ya maji na kuyapoza.

Kuhusu umeme sina upole. Ipo dhana kwamba swichi ya usalama inayokatika mara kwa mara imechoka au ina wepesi uliozidi, na kwamba dawa ni kuibadilisha kwa isiyo na kinga hiyo. Swichi hiyo hukata inapogundua kwamba umeme unaoenda haurudi wote, yaani kiasi fulani kinavujia pengine. Katika nchi nyingi kiwango kinachotumika ni miliampea 30, na Marekani kinga ya watu imewekwa kwenye miliampea 5 hivi. Ni umeme mdogo sana, lakini unavuja ndani ya chombo ambacho watu wamekaa majini. Mara nyingi chanzo ni elementi ya hita, yaani sehemu inayopasha maji, iliyoliwa na kutu au kupasuka ganda lake. Fundi umeme huitenganisha hita, na swichi ikitulia, jibu limepatikana. Isipotulia, huendelea na pampu na kifaa cha ozoni (gesi ya kuua vijidudu majini), kimoja baada ya kingine. Kazi hii si ya kujifundishia, na swichi yenyewe inaweza pia kuharibika, ila hilo huthibitishwa kwa kupima.

Maji yanayong'aa huwadanganya wengi zaidi kuliko mashine. Maji yanaweza kuwa angavu kama kioo huku yamebeba Pseudomonas aeruginosa, bakteria wanaosababisha vipele vinavyowasha baada ya kuoga, au Legionella, ambao hustawi katika maji ya uvuguvugu na huingia mapafuni kwa njia ya matone madogo yanayorushwa na jakuzi lenyewe. Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani vinapendekeza klorini isiyopungua miligramu 3 kwa lita, au bromini, dawa nyingine ya kuua vijidudu, kati ya miligramu 4 na 8, na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, kati ya 7.0 na 7.8. Vipimo hivi husomwa pamoja. Klorini ileile inayofanya kazi vizuri kwenye pH ya 7.2 hudhoofika sana ikifika 8, kwa sababu sehemu kubwa yake hugeuka kuwa katika hali isiyoua vijidudu kwa wepesi. Ndiyo maana mtu anaweza kumwaga dawa kila siku na bado maji yakaharibika. Tena joto huimaliza klorini upesi, na watu wanne katika lita 1,500 ni msongamano ambao bwawa la kuogelea halijui. Karatasi za kupimia zinapaswa kutumika kabla ya kuingia majini, si baada ya mtu kuanza kujikuna.

Kinyume chake ni dhana ya harufu. Pua ikichomwa na harufu kali ya klorini, mwenye jakuzi husema dawa imezidi na huacha kuiweka kwa siku kadhaa. Harufu ile hutoka kwa kloramini, mabaki yanayotokea klorini inapokutana na jasho, mkojo na mafuta ya ngozi, na kwa kawaida ni ishara kwamba klorini iliyo huru imepungua. Tiba yake ni kuweka dozi kubwa ya klorini ya kuchoma uchafu, kifuniko kikiwa wazi na pampu ikizunguka, na mtu yeyote asiingie mpaka kipimo kirudi mahali pake.

Jambo moja linalofanana na hilo, lakini la hatari zaidi, ni kutumia vidonge vya bwawa la kuogelea. Vidonge vya trikloro, aina ya klorini inayotumika mabwawani, vina asidi kali, huyeyuka taratibu vikila plastiki na chuma vinapokaa, na huacha asidi ya sianuri inayojilimbikiza na kuilegeza klorini. Na kamwe aina mbili za klorini zisichanganywe zikiwa kavu, wala klorini isikutanishwe na asidi, kwani mchanganyiko wa kwanza unaweza kulipuka na wa pili hutoa gesi ya sumu. Mfumo wa chumvi hauliondolei jakuzi klorini, maana kazi yake ni kuitengeneza kutokana na chumvi. Ozoni nayo husaidia, lakini haibaki majini kuyalinda.

Povu halitibiwi kwa dawa ya kukata povu pekee. Hiyo hulificha kwa saa chache, na sabuni iliyobaki kwenye nguo za kuogelea hulirudisha. Suuza nguo kwa maji matupu.

Wengine huongeza maji kila yanapopungua na kuamini kwamba yamebadilishwa. Yanayoondoka kwa mvuke ni maji tu, na uchafu ulioyeyuka hubaki ukizidi kujikusanya. Kwa matumizi ya kawaida, maji humwagwa kila baada ya miezi 3 au 4. Kabla ya kumwaga, zungusha dawa ya kusafisha mabomba, kwa kuwa bakteria hujenga utando wa ute ndani yake, mahali ambapo klorini haifiki vizuri, na maji mapya yakiingia juu ya utando huo huchafuka upesi.

Jina nalo limezaa dhana yake. Jakuzi ni jina la ukoo wa Jacuzzi, wahamiaji wa Kiitaliano nchini Marekani, ambako Roy Jacuzzi alileta sokoni mwaka 1968 bafu lenye matundu ya kurushia maji ndani yake. Kwa kuwa leo kila chombo cha namna hiyo huitwa jakuzi, watu hudhani vipuri vyake ni vya aina moja. Pampu hutofautiana kwa volti, kwa ukubwa wa viungo na hata kwa masafa ya umeme: mota iliyoundwa kwa hezi 60 huzunguka polepole zaidi ikiwekwa kwenye hezi 50. Soma kibati cha pampu ya zamani kabla ya kuagiza mpya.

Mwisho ni uvujaji, ambapo watu huchimba pale wanapoona maji. Maji husafiri ndani ya povu gumu la kuhifadhi joto lililo ndani ya kuta za jakuzi na kutokea mbali na tundu lake. Anza kwa kukagua sili ya pampu (kizibo kinachozuia maji kuvuja) na viungo vilivyolegezwa na mtikisiko. Usipopata kitu, zima jakuzi, bandika utepe kwenye kimo cha maji na uyaache yashuke yenyewe. Mahali yatakapokomea kushuka ndipo palipo na usawa wa tundu, na kama ni usawa wa safu fulani ya matundu ya kurushia maji, fungua ubavu wa jakuzi upande huo kwanza.